HAWAKUANDIKWA MAJINA: Historia ya Tairi la Kila Njia, Kuanzia Kwa Mafundi wa Jibondo

Jibondo si kisiwa cha magari. Ukishuka pale, kusini mwa Juani wilayani Mafia, unakutana na jiwe la matumbawe, nyumba zilizobanana, na vyombo vya baharini vilivyosimamishwa ufukweni vikiwa bado mifupa mitupu. Usafiri ni mashua na miguu. Hata maji ya kunywa kwa miaka mingi yalikuwa shughuli, maana kisiwa ni mwamba na watu walizoea kukinga mvua au kuvusha maji kwa chombo.

Sasa mtu akikuambia historia ya matairi ya fowili ianzie Jibondo utacheka. Cheka tu, lakini ukimaliza soma taratibu. Watu wanaojua kuchagua kifaa kwa kuangalia njia kitakakopita, sio kwa kuangalia kinavyong'aa, wako pale.

Halafu kuna jambo la pili. Kila ukisoma historia ya tairi unakuta majina yaleyale ya wazungu wenye viwanda. Waliogema mpira, waliobeba mizigo magari yaliposhindwa, walioshona viatu kwa matairi yaliyochoka, hao hawakuandikwa. Makala hii ni yao.

FUNDI ANAULIZA KWANZA: CHOMBO KINAKWENDA WAPI?

Mafundi wa Jibondo wanasifika pwani nzima kwa kuunda majahazi na mashua. Hawana mchoro wa karatasi. Wana tezo, msumeno, keekee na macho. Mti uliopinda wenyewe porini ndio unaotafutwa kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa sababu mti uliokua umepinda una nguvu kuliko mbao iliyolazimishwa kupinda.

Lakini kabla ya mti kuna swali. Chombo ni cha nini? Cha kuvua ndani ya ghuba au cha kuvuka mkondo kwenda bara? Kitabeba watu, samaki au mawe? Kitalala kwenye mchanga maji yakitoka, au kitakaa kwenye nanga? Jibu likibadilika, chombo kinabadilika. Hakuna fundi mwenye akili anayesema "nakuundia chombo kizuri" akaishia hapo. Kizuri wapi? Kwa mzigo gani?

Maswali hayohayo ndiyo ya tairi. Wengi wetu tunayaruka tukishaona kashata kubwa dukani.

MTEPE: LAINI ILIVYOISHINDA NGUMU

Turudi nyuma sana. Karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara wa Kigiriki ambaye jina lake halijulikani aliandika mwongozo wa safari za bahari hii, ule unaoitwa Periplus. Anataja kisiwa cha Menouthias na bandari ya Rhapta, na anataja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Wataalamu wanabishana mpaka leo Menouthias ni ipi. Wapo wanaosema Pemba, wapo wanaosema Unguja, na wapo wanaosema Mafia.

Vyombo vya kushona viliendelea pwani hii kwa karne nyingi, na cha mwisho kujulikana ni mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake lilikuwa la mkeka. Uzuri wake ni huu: mtepe ulikuwa unalegea. Ukigusa mchanga au ukikwaruza mwamba, mwili wake ulijinyonga kidogo badala ya kupasuka. Pwani isiyo na magati, ambako chombo kinapandishwa ufukweni kila siku, kulegea ndiyo nguvu yenyewe.

Shika hilo vizuri, kwa sababu tairi la upepo ni wazo lilelile. Gurudumu la mbao lenye chuma linapambana na jiwe. Tairi la upepo linalikubali jiwe, linabonyea, linapita. Robert William Thomson alisajili wazo hilo Uingereza mwaka 1845 likasahaulika. John Boyd Dunlop akalifufua mwaka 1888 akiwa Belfast, akianza na baiskeli. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin wakaingiza gari lenye matairi ya upepo kwenye mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Majina hayo yameandikwa vitabuni. Ila mpira wenyewe ulitoka wapi?

MGEMA MPIRA

Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki kwenye joto wala haukatiki kwenye baridi. Tangu hapo viwanda vilianza kuwa na njaa ya mpira, na baiskeli na magari yalipokuja njaa ikawa ukichaa.

Misitu ya nyuma ya pwani yetu ilikuwa na mpira wake, wa mtambaazi. Mmoja wa mimea hiyo kitaalamu unaitwa Landolphia kirkii, jina linalotokana na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Aliyejua unaota wapi, aliyeuchanja, akakusanya utomvu na kuukunja ukawa mpira wa duara, huyo hakupewa mmea wowote wenye jina lake. Mali ile ilishuka kutoka misitu ya kusini mpaka Kilwa na Lindi, ikapanda vyombo, ikaenda Zanzibar na mbele zaidi. Vyombo viliendeshwa na mabaharia wa pwani, nao pia majina hawana.

Upande wa Kongo hali ilikuwa mbaya kupita maelezo. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi ile ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira, na vikishindwa, watu walishikwa mateka, waliuawa, wengine walikatwa mikono. Ulaya ilikuwa inafurahia baiskeli isiyotikisa mgongo. Bei ya ulaini ule ililipwa na mgongo wa mtu mwingine.

Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga na Muheza. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, kwa sababu mashamba ya Asia ya Kusini Mashariki yalikuwa yanazalisha mpira mwingi na wa bei rahisi. Mashamba mengi ya huku yakafa. Mwaka mmoja baadaye vita ikaanza.

MAGURUDUMU YALIPOSHINDWA, MABEGA YAKAITWA

Hapa Mafia inaingia kwa mguu mzima. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani. Sababu kubwa ilikuwa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikono ya mto Rufiji, ng'ambo tu ya kisiwa. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliichunguza kutoka juu na kuwaelekeza wapiga mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 meli ikaisha.

Lakini mizinga yake haikuisha. Wajerumani waliitoa mizinga 10 kwenye tope la Rufiji, wakaipeleka Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu ili itumike nchi kavu. Nani aliivuta? Watu. Mamia ya Waafrika na kamba, kwenye njia zisizo njia. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo. Watalii wanapiga nao picha, na waliouvuta hawapo kwenye picha.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa vilevile. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Magari yaliletwa, na kiangazi yalisaidia. Ikija mvua, udongo mweusi unashika gurudumu kama gundi. Mapema 1917 mvua kubwa zilishuka, bonde la Rufiji likafurika, wanajeshi wakakaa na njaa kwa sababu chakula hakifiki. Suluhisho likawa lilelile: kichwa cha mtu.

Wapagazi waliandikishwa kwa mamia ya maelfu. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakaitamka walivyoweza, na kambi yao Dar es Salaam ikawa Kariakoo.

Ndiyo hiyo Kariakoo. Sehemu ambayo leo mtu wa Mafia akitaka spea anaagiziwa aanzie huko, inabeba jina la watu waliobeba mizigo pale ambapo gurudumu lilishindwa na ardhi. Ni wachache wanaokumbuka hilo wakipatana bei pale.

KUTOKA LAND ROVER MPAKA "KILA NJIA"

Michelin walisajili tairi la radiali mwaka 1946. Kabla yake nyuzi za ndani ya tairi zilipishana kwa mshazari, tairi likawa gumu na linapata moto haraka. Kwenye radiali nyuzi zinavuka moja kwa moja kutoka ubavu mpaka ubavu, na juu yake panafungwa mkanda imara. Matokeo yake ubavu unalegea, uso unabaki bapa chini. Mtepe tena huo!

Mwaka 1948 Land Rover ikazinduliwa, ikamwagika Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yakaanza mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na dunia ikaona gari linavyoteswa na vumbi, mawe na tope ndani ya siku moja. Hata hivyo kwa muda mrefu mwenye gari alikuwa na chaguo mbili tu: tairi la barabara linaloteleza kwenye tope, au tairi la tope linalopiga kelele na kuyumba kwenye lami.

Mwaka 1976 BFGoodrich wa Marekani wakatoa radiali la magari mepesi ya mzigo wakaliita All-Terrain, yaani la kila njia. Kashata zake zilikuwa za kati. Hazikuwa ndogo kama za lami wala kubwa kama za tope. Wengine wakafuata, na leo herufi A/T ziko kwenye matairi ya kila kampuni. H/T ni la lami zaidi, M/T ni la tope.

Huku kwetu pia palikuwa na viwanda. Nairobi kilikuwepo cha Firestone, kilichokuja kuwa maarufu kwa matairi ya Yana kabla ya kuzimwa mwaka 2016. Arusha kulikuwa na General Tyre, kilichoanza kuzalisha mwaka 1971 na kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Wafanyakazi wa vile viwanda nao ni kizazi kisicho na jina. Mashine zikazimwa, na tairi likarudi kuwa kitu cha kutoka nje.

Ila tairi likishafika huku halifi. Fundi wa katambuga analikata na kushona kiatu kinachodumu kuliko raba ya dukani. Mvuvi anachana tyubu kuukuu akafunga bunduki ya kuchomea samaki. Kwenye gati, tairi kipara linaning'inizwa ili chombo kisikwaruzike. Wajanja wote hao hawana kumbukumbu ya maandishi.

SASA MAFIA: TAIRI GANI?

Tuseme kijana wa Jibondo amefanya kazi yake ya samaki, akaweka akiba, akanunua gari la 4WD lililotumika. Kisiwani kwao halina kazi, kwa hiyo litakaa kisiwa kikubwa. Litabeba samaki, wageni, na siku mbaya litabeba mgonjwa. Anataka matairi. Rafiki zake wanamwambia weka M/T zenye kashata za kutisha, gari lionekane.

Afanye kama fundi wa kwao. Aulize kwanza: linakwenda wapi?

Mgonjwa akitoka Jibondo anavushwa kwa mashua mpaka Utende. Kutoka Utende mpaka hospitali ya wilaya Kilindoni ni kilomita kama 15, na ni lami. Lami ikiloa, M/T ndilo tairi baya kuliko yote pale. Kashata zake zimeachana sana, mpira unaoigusa lami ni mchache, breki inachelewa. Yaani tairi linaloonekana la kishujaa ndilo linaloweza kumuangusha mama mjamzito kwenye kona. Hilo wauzaji wengi hawakuambii.

Upande wa pili, njia ya kaskazini kupitia Kirongwe hadi Bweni na Rasi Mkumbi kwa miaka mingi imejulikana kwa mchanga, vumbi na madimbwi. Huko H/T lenye mifereji myembamba linajaa tope na kuteleza. Ndiyo maana A/T linaingia kati. Si bingwa wa chochote, ila halishindwi vibaya popote. Ni mashua ya kazi, sio ya mashindano. Kama gari lako linaishi lami tu, usijidanganye, H/T linatosha na mafuta utatumia kidogo.

Baada ya aina, soma ubavu wa tairi. Mfano 265/70R16 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu, asilimia 70 ya upana huo. R ni radiali, 16 ni inchi za ringi. 112 ni uzito, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa. Watu wanakagua upana na kusahau uzito, wakati gari la samaki na barafu linauawa na uzito. Ukiona LT mbele ya namba, hilo limeimarishwa kwa mizigo. Linavumilia mawe zaidi, ila ni gumu na zito.

Ubavu mrefu ni rafiki wa visiwani. Ringi kubwa yenye tairi jembamba la mapambo inafaa picha tu. Kwenye jiwe la matumbawe ubavu mfupi unapigwa mpaka ringi inapinda.

Kisha angalia umri. Tafuta herufi DOT, halafu soma tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama haujakanyaga barabara, na jua linauharakisha. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka 10 ni mtego, maana kashata zinaonekana ila ndani limekauka. Chungulia nyufa kwenye ubavu na katikati ya kashata. Ukiziona, ondoka hata kama bei ni tamu.

Mwisho ni upepo, na huu ni wa bure. Kwenye lami jaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Kwenye mchanga laini punguza, wengi hushuka mpaka kama 18 au 20, tairi lilale chini, alama yake irefuke, uzito utawanyike. Hapo ndipo dereva anakutana na mshonaji wa mtepe bila kujua. Lakini tairi lililolegea ubavu wake umetoka nje, na jiwe la matumbawe linakata kama wembe. Nenda polepole, usikate kona kwa nguvu, na ukirudi lami jaza tena. Ukikimbia nalo likiwa limelegea litapata moto na kupasuka. Pampu ndogo ya kwenye gari ni muhimu kuliko taa kumi za mapambo.

NANI ANALIPA?

Ukiangalia hadithi yote hii, tairi halijawahi kuwa urembo. Mtu mmoja alichagua Ulaya, mwingine akagema Kongo. Jemadari alipanga njia kwenye karatasi, mpagazi akafa Rufiji. Kila chaguo baya la gurudumu lilipata mtu wa kulilipia, na mara nyingi aliyelipa si aliyechagua.

Leo ni vilevile. Mwenye gari anachagua tairi dukani. Atakayelipa likishindwa ni abiria aliyekaa nyuma, aliyevuka maji kutoka Jibondo alfajiri, ambaye hajui A/T wala M/T. Anachojua ni kwamba chombo kilichomvusha kiliundwa na mtu aliyeuliza kwanza kinakwenda wapi. Na gari linalompokea Utende linapaswa liwe limeulizwa hivyohivyo.

Wadau, nyie wa Mafia, Rufiji, Kilwa na kwingine: njia ya kwenu inakula tairi gani? Na yule fundi wa kwenu asiyejulikana, aliyewahi kuokoa safari kwa ujanja wake, alifanya nini? Dondosheni hapo chini.